Mbaazi Zilizobaki Ardhini

Nyumbani kwa shangazi,
Ngamiani, Tanga.
Agosti, 2024

Kaka yangu mpendwa Nasri,

Shikamoo, na amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako, juu ya wifi Najat na juu ya wanao wote. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Hali ya moyo utaijua ukifika chini ya barua hii. Nimesikia kwamba mkono wako ulioumia pale gereji umepona na umerudi kazini, nami nimeshukuru sana. Nimesikia pia kwamba baridi ya Moshi mwaka huu haikuwa na huruma na kwamba mtoto mdogo alikohoa mwezi mzima. Mwambie wifi ampake mafuta ya nazi kifuani, yale tuliyomletea, asiyaweke kabatini kama pambo. Mama hajambo kwa afya. Nasema kwa afya tu, kwa sababu ni siku kadhaa sasa sijauona uso wake, na hayo yaliyobaki sina mamlaka ya kuyasemea.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi ilhali simu ninayo mkononi. Nilikupigia. Nilisikia ukisema haloo, nikasikia na nyundo za mafundi wenzako nyuma yako, nikakata. Mimi, Nasri, ambaye nimesimama juu ya meza ya bwalo mbele ya chuo kizima nikadai maji ya kunywa mpaka uongozi ukatoka ofisini kutusikiliza, nilikosa neno la kumwambia kaka yangu. Kwa hiyo nimekaa sebuleni kwa shangazi, nimemwomba anipishe, na barua hii nitampa Ritha, mwenzangu wa darasani, ambaye anarudi kwao huko Moshi kesho na ataileta mpaka gereji. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujamkasirikia mtu yeyote.

Nianzie mwaka jana, kwa sababu huko ndiko nilikoingiza mkono wangu. Nilikuja likizo nikiwa na moto wa masomo. Tulikuwa tumemaliza somo la mazao ya jamii ya mikunde, nami nilikuwa nimeona kwa macho yangu kile kinachotendeka chini ya mmea wa kunde, wa choroko, wa mbaazi: vile vinundu vidogo kwenye mizizi, ambavyo ukikipasua kimoja kwa ukucha unakikuta ndani ni chekundu kama nyama. Humo wanaishi viumbe wasioonekana wanaoikamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Hebu fikiri, kaka. Ardhi yetu ile ya mchanga, iliyochoshwa na mkonge vizazi kwa vizazi ili wengine watajirike, ina dawa yake inayoota bure, na wakulima wetu wanaing'oa na kuitia jikoni. Niliona huo ni msiba wa taifa. Niliona ni wajibu wangu kuusema.

Basi niliwakusanya akina mama na wazee wachache katika darasa la shule ya msingi, nikawahutubia. Niliwaambia wasing'oe mbaazi baada ya kuvuna. Wazikate usawa wa goti, waiache mizizi ardhini, mvua za vuli zitazichipusha tena, na katikati yake wapande mahindi masika yakifika. Walicheka sana, unawajua. Zabron, yule jirani ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge, alisema kwamba kama mbaazi zinavuta hewa basi yeye atazikagua, asije akakuta zinavuta na sigara zake. Mama mmoja aliuliza hao wadudu wanalipwa na nani. Nilicheka nao, lakini niliendelea, na nikamalizia kwa yale maneno yangu ambayo wenzangu chuoni wameyaandika hata kwenye fulana: kwamba ardhi ni ya anayeilima na kuilisha, si ya anayeisimamia kwa mbali.

Katika wote waliokuwamo darasani, aliyenifuata alikuwa mmoja tu, naye ni mama yetu. Nilishangaa kwa furaha. Unajua jinsi anavyoushika utaratibu wake. Tangu tuko wadogo alikuwa akimaliza kuvuna mbaazi anazing'oa zote, shina na mizizi, haachi hata moja, na hajapata kupanda mnazi wala mwembe katika shamba lile. Nilikuwa nikimtania kwamba analima kama mgeni. Mwaka jana alinyanyua panga, akazikata usawa wa goti, akaniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba zitachipua. Zilichipua. Masika ya mwaka huu mbaazi zilikuwa vichaka vilivyompita mtu kimo, majani yake yametandika ardhi yote, na mahindi yaliyosimama katikati yake yalikuwa na kijani cha kukolea ambacho wapita njia walisimama kukitazama. Nilikutumia picha. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba ada ya chuo imeanza kulipa.

Mwezi huu niliporudi likizo nilikuta mama ameitwa kwenye baraza la ardhi la kijiji. Aliyemshitaki ni Bi Tausi, yule anayekaa karibu na zahanati katika nyumba ya bati lililoliwa na kutu, aliyekuwa akitugawia vipande vya miwa tulipotoka madrasa. Shitaka lake lilikuwa kwamba shamba analolima mama ni lake yeye Bi Tausi, kwamba alimwazima tu, na kwamba sasa mama ameanza kulitwaa.

Sikuamini masikio yangu. Shamba la baba? Shamba ambalo mimi na wewe tulifukuza ndege ndani yake, ambalo mama alikuwa akituambia kila msimu kwamba tuliheshimu kwa sababu ni jasho la marehemu? Nilimtazama mama nikimtaka anieleze, naye akasema tu kwamba Tausi amezeeka na mpwa wake Ibrahimu, yule mwenye ofisi kule mjini Raskazone, anamtia maneno. Hilo lilinitosha. Ibrahimu nilikuwa nimemwona mwenyewe akishuka kwenye gari pale kijijini na mtu mwenye kanda ya kupimia. Kichwani mwangu kesi ilikwisha siku ile ile: mjane anyang'anywe shamba ili wenye fedha wajenge hoteli. Hii ndiyo hadithi ninayoipigania chuoni kila siku, na sasa ilikuwa imekuja kubisha hodi kwetu.

Siku ya baraza niliomba nimsemee mama, na mwenyekiti, Mzee Uweso, akaruhusu. Bi Tausi alitangulia kueleza. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba desturi inajulikana: aliyeazimwa ardhi hulima kinachotoka ardhini msimu ukiisha, yaani kunde, choroko, mahindi. Mbaazi ameruhusiwa kwa sharti moja. Akishavuna azing'oe, afunge mzigo mmoja na mizizi yake ikionekana, aupeleke jikoni kwa mwenye shamba. Mwenye shamba akiiona mizizi, anajua hakuna kilichobaki chini, na shamba limerejeshwa. Msimu unaofuata ataombwa upya, naye atatoa upya. Ila mbaazi ikiachwa ardhini ikaingia mwaka wa pili, hiyo imekuwa mti, na mpanda mti ametia mguu, yaani anaidai ardhi iwe yake. Alisema mwaka jana mzigo haukuja. Alidhani mama anaumwa. Vuli alipita akaona machipukizi, akatuma mtu kuuliza, akajibiwa kwamba Mastura, yaani mimi, ndiye aliyeagiza kutoka chuoni.

Kaka, nilisimama. Sijui kama nimewahi kusema vizuri kama nilivyosema siku ile, na ndiyo maana leo natamani ningezaliwa bubu. Niliuliza ni sheria gani hiyo inayopima haki ya mtu kwa mzigo wa kuni. Niliuliza ni karne gani hii ambapo mkulima anakatazwa kuirutubisha ardhi kwa kuogopa kwamba itamzoea. Nilieleza vinundu, naitrojeni, mmomonyoko, nikaonyesha picha za mahindi yetu. Kisha nikamgeukia Bi Tausi, mwanamke mwenye umri wa bibi yangu, nikamwita kupe aliyejishika kwenye ngozi ya wengine, nikasema yeye na mpwa wake ni mabaki ya ukabaila ambayo nchi hii ilipaswa kuyazika zamani. Zabron, aliyekuwa amekaa dirishani, alisema kwa sauti kwamba leo mbaazi zimepata mwanasheria, na watu wakacheka, nami nikacheka nao nikijiona nimeshinda.

Bi Tausi hakunijibu mimi. Alimwambia mwenyekiti kwamba yeye habishani na mtoto aliyelala mgongoni mwake, bali anaomba mama yake aulizwe. Mzee Uweso akamuuliza mama: shamba ni la nani? Mama alikuwa amekaa mkekani, ameushika ushungi wake kwa mkono mmoja. Alijibu kwamba yeye hakusoma, na kwamba mwanawe aliyesoma amekwisha kusema. Basi mzee akanigeukia mimi, akaniuliza kama nina hakika. Nikanyanyua mkono nikasema wallahi, shamba lile ni la baba yangu.

Baraza likaona hakuna ushahidi wa kumtoa mama, likamwambia Bi Tausi aende ngazi za juu kama hakuridhika. Alipotoka alipita karibu yangu. Nilingoja matusi. Alinitengenezea mtandio wangu uliokuwa umeteleza begani, akaenda zake.

Jioni ile mama alipika mbaazi za nazi na mahamri kama vile ni sikukuu. Mimi nilikuwa na haraka ya kuukamilisha ushindi. Nilimwambia kwamba sasa tusilale, twende tukalipimishe shamba tupate hati ya kimila kwa jina lake, ili Ibrahimu na kanda yake wakose pa kushika. Nikamwambia nahitaji maelezo machache: baba alipewa shamba mwaka gani, na nani, na mashahidi wa mipaka ni akina nani. Mama aliendelea kukoroga chungu. Nikarudia. Akasema hakuna mwaka. Nikadhani amesahau, nikamwambia hata kwa kukisia. Akatua mwiko, akaniambia, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia chumvi imekwisha, kwamba baba yetu hakupata kuwa na shamba katika kijiji hiki, wala kwingine kokote.

Nasri, nilicheka. Nilidhani ni utani wake. Kisha nikamwona usoni.

Alinieleza yote. Baba alikuja kutoka upande wa Pangani kukata mkonge, na shamba la mkonge lilipofungwa akabaki na mikono mitupu, mke mmoja, wewe ukitambaa na mimi tumboni. Bi Tausi, ambaye hakuwa na mtoto, alimwonyesha mama kipande kile akamwambia lima, ule. Hakutaka kodi. Hakutaka sehemu ya mavuno. Alitaka ule mzigo wa mbaazi tu, na mama aliupeleka kila mwaka, sisi tukiwa tumekwisha kurudi shule. Tulipoona mafungu ya mbaazi uani, mimi na wewe tuliona kuni. Alituambia shamba ni la baba kwa sababu, kwa maneno yake, hakutaka watoto wa marehemu wakue wakijua kwamba hata kaburi la baba yao limechimbwa penye ardhi ya watu.

Nilimuuliza: basi ulipokata mbaazi usawa wa goti, hukujua maana yake? Hili ndilo nililomwomba Mungu mama alijibu kwa namna moja, naye akalijibu kwa nyingine. Alisema alijua. Alijua kuliko mtu yeyote aliyekuwamo katika lile darasa. Alisema Tausi hana miaka mingi, na siku atakayokufa Ibrahimu hatamjua mtu. Alisema alikuwa akilala akiwaza atakula nini, na nilipokuja na hotuba yangu ya mizizi aliona kama mlango umefunguliwa: ataziacha mbaazi mwaka wa kwanza, ataziacha mwaka wa pili, na akiulizwa atasema ni elimu ya mwanawe. Alinikalisha mbele yake kama ngao, kaka, na ngao ikapiga kelele kwa fahari.

Nilimwambia amemdhulumu mtu aliyetulisha. Akaniuliza si mimi niliyesema ardhi ni ya anayeilima. Nikamjibu kwamba nilikusudia makampuni yenye mashamba yasiyo na mwisho, sikukusudia mwanamke anayelala chini ya bati bovu. Akacheka kidogo, akasema kumbe maneno yangu yana macho, yanachagua pa kwenda. Naamini bado katika kila neno nililowafundisha wale akina mama kuhusu udongo. Ile mizizi inafanya kazi yake na haijui mwenye shamba ni nani. Lakini kiapo nilichokitoa kilikuwa cha uongo, na mtu niliyemwita kupe ndiye aliyenibeba mgongoni ili mama apate kulima.

Nilipomwambia kwamba lazima turudi barazani tukaseme kweli, alizima moto. Aliniuliza kama nitasimama mbele ya kijiji kizima nimwite mwizi mwanamke aliyenizaa. Nikamwambia aseme yeye, mimi nitakaa kimya. Akasema atakayekwenda barazani kwa jambo hilo asirudi kukanyaga mkeka wake. Asubuhi nikafunga mkoba wangu, nikamwachia shikamoo mlangoni bila kuitikiwa, na ndivyo nilivyofika hapa Ngamiani. Shangazi anadhani nimekuja kununua vitabu.

Sasa nikwambie nililolifanya kabla sijaondoka kijijini, ambalo mama bado hajalijua. Nilipita kwa Mzee Uweso nikamweleza kwamba niliapa juu ya jambo nisilolijua. Akasema jana niliwafundisha wao kwamba hawajui, na leo nimekuja kuwafundisha kwamba mimi pia sijui. Basi angalau darasa limekuwa kubwa. Kisha uso wake ukawa mzito. Alisema baraza litakaa tena Ijumaa hii baada ya sala, na yaliyosemwa hadharani yatafutwa hadharani.

Kutoka hapo nikaenda kwa Bi Tausi. Nilipiga magoti kizingitini nikaomba radhi, nikajikuta sina hotuba hata moja. Alikuwa akichagua choroko kwenye ungo na hakuacha kuchagua. Aliniambia maneno yangu amekwisha kunisamehe, kwa sababu niliyasema nikimpenda mama yangu. Lililomuumiza ni kwamba mwenzake alikaa hatua chache kutoka kwake na hakumtazama. Alisema Ibrahimu anadai kwamba aliyekana kwamba aliazimwa shamba asiguse jembe humo tena. Mama akisema mwenyewe, kwa kinywa chake, yeye Bi Tausi atasimama na kutangaza mbele ya watu kwamba shamba ni lake mama kulilima mpaka mwisho wa uhai wake, na Ibrahimu atashuhudia apende asipende. Lakini nikisema mimi badala yake, mama akiwa bado anakana, hataweza kumzuia Ibrahimu, wala hatajaribu. Nilimuuliza kwa nini hakuyasema hayo kwa mama mapema, kabla hofu haijamla. Akanijibu kwamba hakuwahi kuulizwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, kaka. Ijumaa mama akisema, atalima shamba lile mpaka mwisho wake. Akinyamaza, mimi nitasimama, nitasema kwamba niliapa uongo na kwamba shamba ni la Bi Tausi, na kwa maneno hayo hayo nitakuwa nimemnyang'anya mama yangu jembe na jina. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu. Nimeitafuta kama nilivyokuwa nikitafuta hoja za mdahalo, na hoja ninazipata, nyingi na nzuri, lakini kila moja inaishia kwa mimi kunyamaza huku yule bibi akitembea kurudi kwenye bati lake akiwa mwongo wa kijiji. Hilo siliwezi. Nichukie kama utaona inafaa.

Simu yangu mama haipokei. Yako ataipokea, lakini usimweleze kwa simu, atakata kama nilivyokata mimi. Panda basi la Alhamisi, umwombe tajiri wako siku mbili. Nenda nyumbani, kula atakachokupikia, zungumza naye kama mwanawe mkubwa, mwambie ahadi ya Bi Tausi, kwa maana kwangu mimi hataamini tena neno lolote. Na kama hutafanikiwa, basi Ijumaa ingia naye barazani, kaa naye mkekani, bega kwa bega. Mimi nitakuwa nimesimama upande wa pili, Nasri, na hapaswi kukaa pale peke yake.

Nisalimie wifi Najat na watoto, waambie shangazi yao anawapenda. Wasalimie na mafundi wenzako wa gereji, hasa yule anayeniita profesa, na umwambie cheo hicho nimekirudisha kwa muda. Shangazi wa Ngamiani anakusalimu sana, anasema umemsahau. Mungu akulinde njiani na akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja,

Mastura